Shahidi Mwenye Kiu

Jioni ile Mama Kola alikuwa na mizigo miwili. Kichwani alibeba furushi la mashati ya wateja, na kwapani alibana bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote. Mashati alitakiwa kuyafikisha kwa wenyewe kabla ya giza. Bahasha ilikuwa ya mwanawe, nayo ilikuwa imeshatembea kuliko kijana mwenyewe.

Alikuwa dobi. Jina la Mama Kola alipewa na mtaa, kwa sababu shati likishapita chini ya pasi yake ya mkaa, kola ilisimama yenyewe kama mtu aliyeombwa kutoa hotuba. Kwa kazi hiyo alilea watoto wawili peke yake. Binti alikuwa msusi, na bado aliishi na mama yake. Kijana alikwenda jeshini, na vita vilipoanza akapelekwa vitani.

Baada ya miezi saba ilikuja barua. Ilikuwa fupi kama risiti. Ilisema kikosi cha kijana kilizingirwa juu ya kilima, mawasiliano yakakatika siku ya tisa, na tangu hapo askari wote wa kikosi hicho "hawajulikani walipo".

Hakuna mwili. Hakuna kaburi. Hakuna kitu.

Mama ambaye mtoto wake hajulikani alipo hana ruhusa ya lolote. Hawezi kuomboleza, maana watu watasema anamchuria kifo. Hawezi kucheka, maana watu watasema amemsahau. Na mafao ya askari hayatoki mpaka kifo kiandikwe. Basi kwa miaka miwili Mama Kola alipigwa danadana kutoka dirisha moja hadi jingine, mpaka akaangukia dirisha la tatu, kwa karani ambaye foleni ilimbatiza Rudi Kesho.

Jioni hiyo Rudi Kesho alikuwa amevaa shati la samawati. Mama Kola aliitambua kola. Aliinyoosha mwenyewe juzi. Karani alizoea kumtuma mkewe na nguo, wala hakujua dobi wake ndiye huyu mama anayemrudisha kila wiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimerudi. Leo ndiyo ile kesho."

Karani hakucheka. Alifungua bahasha, akapanga karatasi moja moja mezani. "Cheti cha kuzaliwa kipo. Picha zipo. Barua ya mtaa ipo. Kimebaki kitu kimoja."

"Hicho kimoja kimebaki tangu mwaka jana."

"Shahidi, mama. Askari wa kikosi chake aliyemwona akifa. Aandike jina, namba yake ya jeshi, asaini hapa chini."

"Kikosi kizima hakikurudi, baba. Nimtoe wapi?"

Rudi Kesho alivua miwani, akajifuta macho. Kumbe naye alikuwa amechoka. "Sikutungii maneno. Mafaili ya kilima kile yanafungwa kesho saa sita mchana. Yakifungwa, mwanao atabaki kuandikwa hajulikani alipo. Daima."

Akarudisha karatasi zote kwenye bahasha, akampa, kisha akashusha pazia la dirisha.

Mama Kola akapachika tena furushi kichwani na kuanza kutembea kwenye ukumbi mrefu wa ofisi. Wafanyakazi walikuwa wameshaondoka. Taa zilizimwa mbili mbili, na mwanga uliobaki ulitoka kwenye madirisha ya juu, mwekundu, wa jua linalozama.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza.

Haikuwa mbaya. Ilikuwa harufu ya mawe yaliyoshinda juani, na ndani yake kitu kama pasi iliyosahaulika juu ya moto.

Kwenye benchi la mwisho alikaa askari. Kijana tu. Sare yake ilikuwa imepauka hata huwezi kusema ilianza na rangi gani. Viatu vimejaa vumbi. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini mipasuko haikuwa na damu.

"Mama..." Sauti ilikwaruza kama karatasi. "Una maji?"

Mama Kola alikuwa na chupa ya maji ya kunywa kwenye mfuko wake. Akampa. Kijana alikunywa bila kuvuta pumzi, koo likipanda na kushuka, mpaka chupa ikabonyea. Maji yalipokwisha aliishika chupa juu chini, mdomo wazi, akisubiri tone la mwisho. Tone likaja. Akasubiri jingine.

"Nilikuwa naye," akasema.

"Na nani?"

"Na mwanao. Yule aliyekuwa akitukunjia mashati. Kule juu, bila maji wala sabuni, bado alitukunjia. Kola kwanza, kisha mikono. Alisema ndivyo walivyofundishwa kwao."

Mama Kola alikaa kwenye benchi, mbali kidogo na yule kijana. Joto lilimtoka kijana kama linavyotoka ukutani jioni baada ya mchana wa jua kali.

"Alikufaje?" akanong'ona.

"Siku ya nane. Kila alfajiri tulilamba umande kwenye mawe. Kila mtu alikuwa na jiwe lake. Siku ile aliniachia mimi lake." Akalamba midomo iliyopasuka. "Hakulia, mama. Alilala tu."

Mama Kola alishika tama. Miaka miwili alikuwa ameisubiri habari hii, na sasa ilipofika hakujua aiweke wapi. Alichojua ni kwamba kesho saa sita faili linafungwa.

"Utanisainia, mwanangu?"

"Nitasaini. Lakini mlangoni kwako."

"Unataka nini?" Alikuwa mtu mzima, alijua hakuna cha bure.

"Sitaki hela. Nikishasaini, utaniita jina langu, niingie. Kama unavyomwita mtoto jioni, akiwa amekawia kucheza. Mara moja inatosha."

Akainama akamnong'oneza jina lake. Pumzi yake ilikuwa kavu, ya moto, kama mdomo wa tanuri.

Mama Kola angeweza kuinuka akakimbia. Baadaye bintiye alimuuliza mara nyingi kwa nini hakukimbia. Alikuwa amechoka, basi. Mtu aliyechoka sana hawezi kuogopa vizuri.

Waliongozana. Yeye mbele, askari nyuma. Alipita milango ya wateja wake bila kuiona, furushi likiwa bado kichwani. Nyuma yake viatu vilisaga changarawe, taratibu, kwa kipimo kimoja.

Kwata... kwata... kwata...

Hakugeuka hata mara moja. Watu waliokutana naye walimsalimia yeye tu, kisha wakapangusa shingo zao na kutazama mbinguni, kama mtu anayeshangaa joto limetoka wapi.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa nyuma, ambako kamba za kuanikia zilipishana juu ya mapipa mawili ya maji. Binti alikuwa amekaa sebuleni akichambua nywele za bandia. Aliinua uso, akamwona mama yake mlangoni, na nyuma yake yule kijana aliyesimama hatua moja nje ya kizingiti.

"Nani huyo, mama?"

"Shahidi."

Kijana alichuchumaa, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika. Jina. Namba. Saini. Aliandika polepole, na kila mara kalamu ilipogusa karatasi, wino ulikauka papo hapo. Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha akasimama. Akasubiri.

Giza lilikuwa linaingia. Mahali fulani mtaani mwanamke alikuwa akimwita mtoto wake aende kuoga.

Mama Kola akaita lile jina.

Hakuliita kwa nguvu. Lakini alilisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia mwanawe, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ya kumwitia mtoto.

Kijana akavuka kizingiti.

"Nimekuja, mama," akasema. Akapita sebuleni, akapita chumbani, moja kwa moja mpaka uani. Akakaa chini katikati ya mapipa mawili, mgongo umeegemea moja, mkono umelazwa juu ya jingine.

Binti alimfuata na kikombe. Alirudi upesi, akishika vidole vyake kama aliyeungua.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemgusa mkono. Yule si mtu."

"Najua."

"Unajua, na umemwita ndani?"

Mama Kola alikunja karatasi akaitia ndani ya bahasha. "Kesho ataondoka."

Walipolala ndipo ilipoanza.

Gubu... gubu... gubu...

Sauti ya mtu anayekunywa. Ilisimama kidogo, ikafuata ya kikombe kugonga bati, kisha ikaendelea. Gubu... gubu... Kati ya funda na funda palikuwa na kikohozi kidogo, kikavu. Wanawake wawili walilala wamekumbatiana kitanda kimoja, macho wazi, hadi mbingu ilipopauka.

Asubuhi mapipa yote mawili yalikuwa makavu. Si kwamba yalikuwa yameisha maji tu. Yalikuwa makavu ndani, hayana hata unyevu, na vumbi jepesi limetanda chini. Ndoo nne nazo hivyo hivyo. Hata shati lililolowekwa kwenye beseni lilikuwa limekakamaa kama ubao.

"Samahani, mama," askari alisema pale chini. "Kiu."

Saa tatu asubuhi Mama Kola alikuwa dirisha la tatu. Rudi Kesho alipokea karatasi, akaisoma hadi kwenye namba ya shahidi. Hapo kidole chake kikasimama. Aliinuka, akaenda kwenye kabati la chuma, akarudi na faili jingine, na badala ya kulifungulia mezani kwake alimfungulia Mama Kola mlango wa pembeni.

"Ingia, mama. Kaa."

Katika miaka miwili hakuwahi kuambiwa akae.

"Huyu shahidi wako," karani alisema, "naye ni wa kilima kile. Naye amefariki. Mama yake alileta dai miezi mitatu iliyopita, likapita, kwa sababu lilikuwa na shahidi." Akaligeuza faili. "Tazama jina la shahidi wake."

Mama Kola alitazama. Lilikuwa jina la mwanawe. Namba ilikuwa ya mwanawe. Aliijua kwa moyo. Na saini ilikuwa ile ile aliyojifunza akiwa darasa la nne, akiijaza nyuma ya daftari zote, yenye herufi ya mwisho iliyoshuka na kupinda kama ndoano. Ilikuwa na tarehe. Ya miezi mitatu iliyopita.

Feni ilizunguka juu yao.

"Alikuja hapa?" aliuliza hatimaye. "Mwanangu alikaa kwenye benchi lile?"

"Sijui, mama. Mimi huletewa karatasi tu. Lakini mafaili kama haya nimeshaona kumi na moja. Huyu anamsainia yule, yule anamsainia mwingine. Na wote ni wa kilima kimoja."

"Na wewe unafanyaje?"

Rudi Kesho alichukua mhuri, akaukandamiza kwenye kidau cha wino. "Sheria inataka shahidi," alisema. "Haisemi shahidi awe hai."

Akagonga.

Basi kijana wa Mama Kola akafa rasmi. Akapewa tarehe ya kifo. Mama yake alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akajiambia sasa anaweza kulia. Machozi hayakuja. Alikuwa anafikiria maji.

Askari hakuondoka kesho yake, wala kesho kutwa. Mafao yalitoka, paa lililovuja likazibwa, nao wakalipa walichokuwa wakidaiwa, na yeye alikuwa bado amekaa uani katikati ya mapipa. Hakuwa na shari. Hakupaza sauti, hakugusa kitu cha mtu. Mama Kola akipita, askari alimwambia, "Pole na kazi, mama." Lakini alikunywa. Alikunywa maji ya kufulia. Alikunywa maji ya kusuuzia yenye sabuni na buluu, midomo ikabaki na rangi. Mama Kola alikwenda bombani mara sita kwa siku, kisha mara kumi, kisha akaacha kuhesabu. Mabega yalivimba. Nguo za wateja zilianza kurudi kwao zikiwa na vumbi laini kwenye mishono, na wateja wakaanza kutafuta madobi wengine. Mke wa Rudi Kesho tu ndiye aliyeendelea kuja, naye hakuuliza lolote.

Mwezi wa pili binti alifunga mizigo.

"Nakwenda kwa rafiki yangu," alisema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Mama, wewe mwenyewe umeanza kukauka. Jitazame midomo."

"Nimfukuze vipi? Nilimwita."

"Basi njoo na wewe tuondoke."

"Nikiondoka, nani atamtekea?"

Binti akabeba sanduku lake akatoka.

Jioni ile Mama Kola alikwenda uani, akageuza ndoo tupu, akakaa juu yake mbele ya askari.

"Mwanangu, kwa nini huendi kwenu?"

"Nilikwenda."

"Ikawaje?"

Alikohoa kile kikohozi chake. "Hatuwezi kujitolea ushahidi wenyewe, mama. Kwa hiyo tunakwenda tunakohitajika. Lakini mimi nilikosea, nilipita kwetu kwanza. Nilisimama mlangoni. Nikamwona mama. Alikuwa ameshamwita mwingine. Yuko ndani, anakunywa."

Mama Kola alihisi ngozi ya kichwa ikimsisimka, taratibu, kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso.

"Mwingine nani?"

Askari aliinua macho. Yalikuwa makavu kama macho ya samaki wa chumvi.

"Unamjua," akasema.

Alikuwa anajua. Alijua tangu siku ile kwenye kiti cha karani. Na anwani ya mama wa askari huyu aliisoma palepale kwenye faili: mpishi wa shule, nyumba ya nyuma ya jiko, upande wa pili wa reli. Mara mbili alikuwa ameshatoka nyumbani kwenda huko, mara mbili akaishia relini. Safari hii alijikaza kisabuni, akavuka.

Jua lilikuwa linagusa mapaa. Shule ilikuwa imefungwa, ua wake mkubwa mtupu, na masufuria ya jikoni yameinamishwa kando ya ukuta yakikauka. Nyuma ya jiko palikuwa na nyumba ndogo. Mbele ya mlango madumu ya maji yalipangwa safu tatu, zaidi ya thelathini.

Harufu ilikuwa ile ile. Mawe na pasi.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa wa rika lake, mnene zamani, sasa ngozi ya mikono inaning'inia. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Walitazamana midomo kabla ya kutazamana usoni.

"Hodi, dada," alisema Mama Kola.

"Hodi ya nini, umeshafika," mpishi alisema kwa uchovu. "Wangu yuko kwako?"

"Yuko."

Mpishi alifumba macho. Alishika mwimo wa mlango. "Kila siku najiuliza yuko kwa nani. Kama ameangukia kwa mtu mwenye roho."

"Naomba nimwone wangu."

"Hatakujua."

"Naomba tu nimwone."

"Dada, sikunyimi. Nakwambia ili usije ukaumia. Mimi nilimwita, basi ananijua mimi. Mambo mengine yote yamebaki kule juu."

Lakini alisogea pembeni.

Chumba kilikuwa na mwanga kidogo. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa mtu akiwa amempa mlango mgongo. Mama Kola aliujua mgongo ule. Aliujua toka ukiwa mdogo kiasi cha kulala kwenye kiganja na mkono. Mbele yake palikuwa na rundo la mataulo ya jikoni, na alikuwa akiyakunja, kingo kwanza, akilainisha kila moja kwa upande wa mkono, polepole, kama alivyofundishwa. Baada ya kila taulo alinyoosha mkono kwenye ndoo, akateka, akanywa.

Gubu... gubu...

Mpishi alimshika Mama Kola mkono. "Usimwite," alinong'ona. "Mmoja aliitwa na mama wawili, mtaa wa juu huko. Hakuweza kwenda huku wala kule. Alisimama katikati ya mlango siku tatu, mpaka akawa vumbi. Nililiona lile vumbi. Usimwite, dada yangu."

Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mama Kola aliuma midomo, na mdomo uliokauka ukapasuka. Alisikia ladha ya damu yake. Akalimeza jina, likashuka kama kokoto.

Pengine alitoa sauti bila kujua. Mtu yule kwenye kigoda aliacha kukunja. Akageuka.

Ulikuwa uso wake. Umepauka, umekauka, lakini wake. Kovu la pasi chini ya kidevu, la siku alipokuwa na miaka mitatu. Alimtazama mgeni mlangoni kwa adabu, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyomtazama mama asiyemjua.

"Shikamoo, mama," akasema. "Unamtafuta nani?"

Mama Kola alipangusa damu mdomoni.

"Marahaba, baba. Simtafuti mtu. Nilikuwa napita."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Macho yake yakashuka kwenye ndoo. Akaivuta taratibu hadi katikati ya miguu yake, akaizungushia mkono, kama mtoto anayeficha peremende. Kisha akarudi kwenye mataulo.

Wanawake wawili walitoka wakakaa kwenye ngazi ya jiko. Giza lilishuka juu ya ua wa shule.

"Wangu bado anakohoa?" mpishi aliuliza.

"Anakohoa."

"Ana kifua tangu utotoni. Ukiyapasha maji kidogo, yawe ya uvuguvugu, hutulia."

"Nitapasha."

"Ana shida nyingine?"

"Hapana. Ana adabu. Ananiambia pole na kazi."

Mpishi alijipangusa macho kwa upindo wa kanga, ingawa hapakuwa na kitu cha kupangusa. "Wako hapendi kikombe cha bati. Nimembadilishia cha plastiki."

"Bati linampa ganzi ya meno," alisema Mama Kola. "Tangu mdogo."

"Ndiyo. Niligundua." Akatazama safu za madumu. "Mimi nitamtekea wako, dada. Kadiri nitakavyoweza."

"Na mimi wako."

"Na tukishindwa?"

Mama Kola alisimama, akafunga kanga yake vizuri, wakaagana bila kushikana mikono.

Aliporudi mtaani kwake hakuingia nyumbani. Alichukua ndoo mbili zilizokuwa mlangoni, akaenda bombani moja kwa moja. Saa hizo kwa kawaida hapakuwa na mtu. Watu huteka asubuhi. Lakini jioni hiyo palikuwa na foleni. Akina mama, akina baba wawili watatu, mzee mmoja mwenye mkongojo na toroli la madumu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anapeleka wapi maji yote hayo. Kila mmoja alikuwa amegeuza uso gizani, na wote midomo yao ilikuwa imepasuka.

Mzee alisogeza toroli lake kumpa nafasi.

"Shika mstari, mama."

"Ahsante, baba."

Bomba lilitoa mkondo mwembamba kama uzi. Barabarani lilipita lori la jeshi likiwa limejaa vijana waliosimama wima, sare zao bado zina mikunjo ya dukani. Watu wa foleni walilitazama hadi taa zake nyekundu zikapotea. Kisha wakageuka kutazama bomba.

Lilikuwa limeanza kukoroma.